Mtutu Wenye Mafuta

Bodental, 4 Julai 1987

Shikamoo Baba Mkubwa Wendelin,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako isiyo ya kushukuru zawadi ya Krismasi, kwa hiyo nivumilie mwandiko ukitetemeka. Nimemaliza shule. Tena nimepata kibali cha kuwinda. Nilikuwa msichana peke yangu kwenye mtihani, na katika maswali ya mdomo nilijibu kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akasema, "We binti, paa hawamo humu ndani, unaweza kuongea."

Babu alipopata habari aliniambia, "Haya, kaichukue bunduki yangu." Nikamkumbusha kwamba iko kwako Graz. Akasema, "Najua iko wapi. Nilimpa anitunzie. Sikumpa iwe yake."

Naandika maneno yake kama alivyoyasema, si kwa ubaya.

Tangu macho yake yazimike msimu wa baridi wa mwaka juzi, Babu hukaa karibu na jiko na mikono yake huenda kama ya mtu aliyeshika bunduki. Kidole gumba kinasuguasugua hewa. Mama anasema anatafuta lile bonde dogo kwenye kitako cha bunduki, pale mbao ilipobonyea mwaka ule alioteleza kwenye barafu na bunduki ikamzuia asiporomoke. Ananiambia ana mambo mawili tu aliyoyabakiza duniani: kuishika bunduki yake, na kula maini ya paa wa mlima wetu.

Naomba uniazime mpaka mwisho wa Oktoba. Nitaitunza kama yai.

Mwanao,
Notburga

*

Graz, 11 Julai 1987

Notburga,

Hongera kwa kibali. Siku hizi naona wanampa yeyote anayeweza kutofautisha paa na ng'ombe.

Unaomba bunduki ile kama mtu anavyomwomba jirani ngazi. Hujui unachokiomba, na si kosa lako. Umekua katika nyumba ambayo babu yako aliitumia bunduki hiyo kuzuia dirisha lisijifunge. Nililiona kwa macho yangu. Ni kazi ya mkono wa fundi wa Ferlach, mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, na nakshi za majani ya mwaloni ambazo leo huwezi kuzipata hata ukilia. Yeye aliibeba mvuani miaka yote kama fimbo ya mchunga mbuzi.

Mimi niliiokoa. Sasa iko kwenye kabati la vioo pamoja na wenzake, juu ya mahameli, na kila Jumapili naipaka mafuta kwa mkono wangu. Wageni wangu hushika pumzi wakiiona. Hakuna hata moja katika kabati lile inayofyatuliwa. Ndiyo maana bado ni nzuri.

Mwambie baba yangu kwamba bunduki iko katika hali bora kuliko yeye, na inampasa afurahi.

Kama ni kuua unataka, mwandikie Baba yako Mdogo Egid. Yeye kila akipata senti anaipeleka kwenye tiketi za kwenda kuwinda ugenini. Anarudi na picha na tumbo la kuhara.

Wendelin

*

Bodental, 15 Julai 1987

Shikamoo Baba Mdogo Egid,

Pole na kazi ya meno ya watu. Baba Mkubwa amekataa kuniazima bunduki ya Babu. Labda wewe ukizungumza naye atasikia, kwa kuwa ni ndugu yako.

Nina ombi la pili, naona haya kuliandika. Mwindaji mpya hupelekwa na mtu wa ukoo siku yake ya kwanza. Baba yangu hayupo tena, na Babu hawezi kupanda. Ungekuja siku moja tu tukakaa wote kwenye dungu la Babu la kuvizia paa, ningefurahi sana. Hutakuwa na haja ya kusema chochote. Mimi pia si msemaji.

Babu anakusalimu. Aliuliza, "Egid yuko nchi gani leo?"

Mwanao,
Burgi

*

Hungaria, 28 Julai 1987

Burgi wangu,

Barua yako imenifuata huku, na nimeisoma juu ya mkokoteni wa farasi huku nikipelekwa kumpiga paa dume wa tatu. Huku ndiko kuna paa, mwanangu! Wanabweka kama mbwa mchana kweupe. Mwelekezi anasimamisha farasi, ananionyesha kwa kidole, ananiwekea fimbo ya kuegemeza bunduki, ananiambia "huyu", nami nabonyeza. Hata bunduki ni yao. Mimi sibebi chuma. Jioni tunakula mchuzi wa pilipili nyekundu na mtu anatupigia fidla.

Umeniambia kakangu amekataa. Unashangaa nini? Wendelin ana kabati zima la bunduki na hajawahi kunusa baruti tangu aoe. Mkewe Roswitha ana koti moja la baridi. Bunduki zina sanduku la mahameli kila moja. Anazifuta, anazibusu, anazifungia. Ni kama mtu anayekusanya vijiko halafu anakufa njaa.

Ushauri wangu: iuzwe hiyo bunduki, na kwa fedha zake nikuchukue wewe mahali penye wanyama wa kweli. Unataka kukaa kwenye dungu la Babu kusubiri paa mmoja mwenye mbavu za kuhesabika? Mwezi mzima unaona kindi!

Lakini nitakuja. Agosti nikirudi, nitakuja, Mungu shahidi. Na kakangu nitamwandikia leo leo.

Baba Mdogo Egid

*

Hungaria, 28 Julai 1987

Kaka Wendelin,

Mpe mtoto bunduki ya Baba.

Najua kwa nini hutaki. Unaogopa italia. Maana siku moja tu ikilia, watu watauliza zile nyingine zinafanya kazi gani mle kabatini, na wewe mwenyewe unafanya kazi gani mbele yao. Wewe si mwindaji, kaka. Wewe ni mtunza makaburi.

Egid

*

Graz, 5 Agosti 1987

Egid,

Mtu anayewekewa fimbo, anayeshikiwa bunduki na kuonyeshwa mnyama kwa kidole hana ruhusa ya kuniita mimi jina lolote. Wewe ukisafiri kilomita elfu unaua kilekile kinacholala nyuma ya zizi la Baba. Kuta zako zimejaa pembe ambazo huwezi kusema ni za mlima gani.

Nitaipeleka bunduki. Si kwa sababu yako. Nitaipeleka ili kila mmoja wenu aone silaha iliyotunzwa inafanya nini mkononi mwa hata mtoto. Halafu itarudi, na mtanyamaza.

Wendelin

*

Graz, 12 Agosti 1987

Notburga,

Roswitha anakuja kwa dada yake Klagenfurt na atakuletea sanduku. Ufunguo uko ndani ya bahasha hii.

Sikiliza kwa makini, sitarudia. Utaishika kwa glavu nyeupe nilizoziweka sandukuni, siyo kwa mikono inayokamua ng'ombe. Haitoki mvua ikinyesha. Haiegemezwi ukutani, mtini wala kwenye mbao za dungu. Ndani ya mitutu nimepaka mafuta mimi mwenyewe, kwa kipimo, na hutaingiza humo ufito wa kusafishia, kitambaa wala kitu chochote. Risasi ziko mbili. Moja ni ya paa. Nyingine ni ya sura tu, irudi nayo.

Wendelin

*

Bodental, 17 Agosti 1987

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama Mkubwa Roswitha amefika salama na bunduki. Asante sana. Ni nzuri mpaka niliogopa kupumua karibu nayo.

Nilimpa Babu. Sikumvalisha glavu, nisamehe, sikuweza kumwambia. Aliinusa kwanza. Akapitisha vidole kwenye nakshi, akatabasamu. Kisha akafika kwenye kitako, akapapasa, akarudia, akaigeuza, akapapasa upande wa pili. Akaniambia, "Burgi, hii si yangu. Wamenibadilishia." Nikamwambia ni yenyewe. Akasema, "Usinidanganye kwa sababu sioni," akanirudishia, akageukia jiko. Tangu juzi hajaiulizia tena.

Je, lile bonde la kidole gumba limekwenda wapi?

Tena nina swali lingine dogo, kama si usumbufu. Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba mtutu wenye mafuta hutupa risasi ya kwanza kando. Tulifundishwa kuufuta ukauke kabla ya kwenda, na kujaribu kwanza kwenye shabaha ya karatasi. Naomba ruhusa nipitishe kitambaa kimoja tu, safi. Na kama utaruhusu risasi moja ya kujaribia, nitanunua mwenyewe.

Mwanao,
Notburga

*

Graz, 21 Agosti 1987

Notburga,

Kwa hiyo mafunzo ya jioni yamekufanya fundi. Mimi nimeishi na bunduki hizi tangu kabla hujazaliwa, na sasa nafundishwa mafuta na msichana aliyeshika silaha kwa mara ya kwanza majira ya kuchipua. Hutafuta. Hutajaribu. Kila risasi inayopita katika mtutu ule inaondoa kitu kisichorudi, na sitaki kiondoke kwa ajili ya karatasi. Ukilenga vizuri itapiga. Isipopiga, tutajua kosa ni la nani.

Hilo unaloliita bonde lilikuwa jeraha. Niliipeleka karakana, wakaivutia mvuke mbao ya mti wa jozi mpaka palipobonyea pakainuka, wakaipiga msasa, wakaipaka mafuta upya. Nimeirudisha ilivyokuwa siku ilipozaliwa. Mtu mwingine angenishukuru. Baba yangu anadai amebadilishiwa, na wewe unaniandikia hilo kama vile ni lawama.

Wendelin

*

Bodental, 24 Agosti 1987

Shikamoo Baba Mdogo,

Umerudi kutoka Hungaria, nimesikia kwa mhudumu wa kliniki yako. Jumamosi hii hali ya hewa itakuwa nzuri. Paa dume mzee mwenye pembe moja iliyovunjika anatoka kila jioni kwenye uwazi uliokatwa miti chini ya majabali. Nimemwona mara nyingi kwa darubini. Ndiye Babu anayemjua; anamwita "Karani", kwa sababu anatoka saa ileile.

Njoo, tafadhali. Kuna jambo pia nataka kukuuliza uso kwa uso. Baba Mkubwa amekataza nisifute mtutu, na mimi najua unatakiwa kufutwa, lakini bunduki ni yake na ameandika kwa ukali. Ukiwa hapa ukasema "futa", nitafuta.

Nimemwambia Babu utakuja. Amemwambia Mama asafishe kofia yake ya manyoya upate kuivaa.

Burgi

*

(Kadi ya posta, picha ya uwanja wa ndege)

Vienna, 26 Agosti 1987

Burgi! Safari yangu ya Mongolia imetangulizwa, mtu mmoja kajitoa nikachukua nafasi yake. Mbuzi mwitu wenye pembe kama magurudumu! Jumamosi haitawezekana. Mafuta, sijui mafuta, wewe piga tu. Mimi sijawahi kufuta mtutu maishani, kuna watu wa kazi hiyo. Msalimie Babu. E.

*

Bodental, 29 Agosti 1987

Kwa Baba Mkubwa Wendelin na Baba Mdogo Egid,

Nawaandikia barua moja na kuinakili, kwa sababu siwezi kueleza mara mbili.

Jioni hii nimempiga yule paa mzee. Nilikuwa peke yangu kwenye dungu, nimevaa glavu. Alisimama ubavu, karibu, nami sikutetemeka. Nililenga nyuma ya bega kama ilivyo sawa. Bunduki ilipolia aliukunja mgongo, akaondoka polepole amekusanya miguu. Mahali aliposimama nimekuta majani yaliyotafunwa na damu nyeusi kidogo. Nyinyi mnaitwa wawindaji, mnajua maana yake. Risasi imepita tumboni. Yuko hai mahali fulani chini ya majabali wakati naandika hapa mezani.

Sikumfuata, kwa sababu ukimfuata mapema atakwenda mbali zaidi. Nimerudi nyumbani. Babu amesikia hatua zangu tu akajua. Amesema, "Lete hapa." Ameunusa mdomo wa mtutu, akauliza, "Uliufuta?" Nikasema hapana. Akasema, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Amenirudishia bunduki.

Kwenye mtihani niliandika jibu hilo na nikapata alama zote. Nilijua, nikaogopa barua.

Kukikucha Bi Apollonia wa shamba la juu atakuja na mbwa wake wa kufuata damu.

Notburga

30 Agosti. Tumempata. Niliteleza korongoni nikaangukia bunduki, kitako kimekwaruzika. Siwezi kuandika zaidi leo.

*

Graz, 3 Septemba 1987

Notburga,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta habari. Mistari na mistari kuhusu paa, na kuhusu bunduki maneno mawili: "kitako kimekwaruzika." Kimekwaruzika wapi? Upande gani? Urefu gani? Mkwaruzo umefika kwenye chuma? Umegusa nakshi? Iweke dirishani mchana, ipige picha kila upande, unitumie bila kuchelewa. Usijaribu kuipaka kitu.

Kuhusu mafuta, mtu anayejua kupiga hufidia anapolenga. Niliwaambia.

Wendelin

*

Ulan Bator, 12 Septemba 1987

Burgi wangu,

Barua yako imenisubiri hotelini. Ah, mwanangu, usijitese. Paa mmoja! Mzee tena, pembe moja! Mimi juzi nilimjeruhi mbuzi mwitu mmoja hivyohivyo, akavuka kilima. Mwelekezi akafungua mikono akasema, "Mlima ni mkubwa," tukaenda kumtafuta mwingine. Nikampata, mkubwa kuliko yule, picha ninayo. Ukiharibu huyu unampiga yule, ndiyo uzuri wa nchi zenye wanyama. Hapo kwenu mnamlilia mmoja kwa sababu mnaye mmoja.

Mwakani twende wote Hungaria, nakulipia. Utasahau.

Wendelin amekufa kwa mkwaruzo? Nimecheka mpaka mkalimani akauliza kuna nini.

Baba Mdogo Egid

*

Graz, 15 Septemba 1987

Notburga,

Picha zimefika. Sikuamini macho yangu. Mkwaruzo wenye urefu wa kiganja kizima, umevuka kitako, umechimba mbao. Hauvutiki kwa mvuke wala kwa dua. Karakana wamesema ili kuuondoa wakate nusu ya kitako, na hapo si bunduki tena, ni kiraka.

Siitaki. Sitaki kuifungulia kabati nikaiona kila Jumapili. Katika nafasi yake nimeweka kalamu iliyokuwa ya fundi yule. Kaa nayo wewe, iwe yako kabisa, karatasi zake nitazituma uandikishe jina lolote unalotaka. Mkishindwa kuitumia, zuieni nayo dirisha. Mnao uzoefu.

Glavu rudisha. Ni za Kiitaliano.

Wendelin

*

Bodental, 25 Oktoba 1987

Baba Mkubwa Wendelin, Baba Mdogo Egid,

Safari hii pia naandika moja na kunakili. Mtagundua sijaanza kwa shikamoo. Nililiandika nikalifuta, nikaona nisiandike neno nisilokuwa nalo.

Baba Mkubwa, uliuliza upande gani, urefu gani na kama umefika kwenye chuma. Hukuuliza paa alikaa hai mpaka saa ngapi. Nitakujibu hata hivyo. Alikaa mpaka tulipomfikia, jua likiwa limeshapanda juu ya majabali. Alikuwa amelala chini ya msonobari mahali penye maji yanayodondoka. Alipotusikia alijaribu kuinuka, miguu ya mbele ikainuka, ya nyuma ikakataa. Mbwa alimsimamia akibweka. Nilikuwa nakimbilia kummaliza, nikateleza. Niliweka bunduki chini yangu ili nisiporomoke, jiwe likaikamata kwenye kitako, nikazuilika. Kisha nikatumia ile risasi ya pili, uliyosema ni ya sura tu. Ilipiga pale nilipolenga. Mtutu wa pili pia ulikuwa na mafuta, lakini nilikuwa karibu kiasi cha kuyaona macho yake.

Nyama haikufaa. Usiku ulikuwa wa joto na tumbo limepasuka. Kwa hiyo maini aliyoyangoja Babu tumeyafukia. Bi Apollonia alivunja kitawi cha msonobari, akakiweka mdomoni mwa paa kama inavyopasa, tonge lake la mwisho. Akavunja kingine, akanipa nivae kofiani, heshima ya aliyeua. Nikamwambia sistahili. Akasema, "Ni kweli," akamchomekea mbwa kwenye ukosi.

Baba Mdogo, ulisema ukiharibu huyu unampiga yule. Nimelifikiria sana neno hilo kwa sababu ulilisema kwa kunipenda, na ndilo lililonichukiza kuliko yote ya Baba Mkubwa. Yeye hajui kinachotokea bunduki ikilia. Wewe unajua. Yule mbuzi wako aliyevuka kilima bado alikuwa anatembea wakati unapigwa picha na mwenzake. Umepanda ndege mpaka Mongolia kuonyeshwa mnyama kwa kidole. Kutoka kliniki yako mpaka dungu la baba yako ni mwendo wa saa moja kwa basi, na kofia aliyokusafishia bado inaning'inia mlangoni. Sitakwenda nawe Hungaria.

Mimi nami nimejiweka humo humo. Mmoja aliniambia usifute, mwingine akaniambia piga tu, na kati yenu nilikuwa peke yangu niliyejua. Nikanyamaza kwa adabu. Paa ndiye aliyeilipia adabu yangu.

Sasa habari ya bunduki, kwa kuwa ndiyo mnayoipenda.

Barua yako ya kunipa, Baba Mkubwa, nilimsomea Babu. Alisikiliza mpaka kwenye neno la dirisha, akasema, "Amekupa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho." Halafu akaniambia niilete. Aliipapasa kama mara ya kwanza, bila hamu, mpaka vidole vikafika kwenye mkwaruzo. Vikasimama. Akaufuata mwanzo mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Hii nini?"

"Nilianguka, Babu. Korongoni, nikimfuata."

"Ikakuzuia?"

"Ikanizuia."

Alikaa nayo magotini mpaka Mama akaweka chakula mezani. Hakula, aliuliza kama mbao imechimbika sana, akaniambia nisiruhusu mtu aiguse. Akasema, "Alama yangu wameifuta. Hii ni yako. Lakini bunduki ni ileile."

Kesho yake alinifundisha kuifuta. Nilijua kuifuta, nikamwacha anifundishe. Nilikwenda kwenye machimbo ya mawe nikapiga karatasi mpaka nikajua kila mtutu unatupa wapi. Nilinunua risasi kwa mshahara wa kwanza wa kuchuma tufaha. Bi Apollonia alikaa nami kwenye dungu, kwa kuwa mtu wa ukoo hakupatikana. Hatukusemezana neno. Tulirudi mikono mitupu jioni nyingi, tukaona kindi, kama ulivyosema Baba Mdogo, na sikuchoka.

Jumatano alitoka dume mchanga, mnyonge wa mguu, yule anayetakiwa kuondolewa kabla ya theluji. Alianguka palepale aliposimama, na jani la nyasi bado liko mdomoni. Nilimwongezea kitawi. Kile cha kofiani kwangu alikichomeka Babu mwenyewe, kwa kupapasa, upande wa kulia, na kunichoma sikio. Aliniambia maneno ya pongezi wanayoambiana wawindaji, nami nikamjibu kwa sauti kubwa mpaka Mama akachungulia.

Maini tuliyakaanga kwa kitunguu na majorami, tukala na ugali wa mahindi. Babu alifuta sahani kwa mkate. Kisha akasema, "Nimesahau. Lilikuwa jambo moja au mawili nililobakiza?" Nikamwambia yote mawili yamekwisha. Akasema basi itabidi atafute la tatu.

Bunduki imeegemea ukuta karibu na jiko, Baba Mkubwa, pale pale ulipokataza.

Glavu naitia humu, ya kulia. Nimeifua mara nyingi, damu haikutoka yote. Ya kushoto sikurudishii. Inapita vizuri mtutuni, nami naifutia mafuta kila ninapotoka.

Notburga